Mwanafizikia na Mafya Matatu

Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Methali hii tumezoea kuitumia tunapohimizana kushirikiana: harusini, kwenye ujenzi wa msikiti, hata majukwaani wakati wa uchaguzi. Aghalabu twaisema bila ya kuyafikiria mafya yenyewe, yale mawe matatu meusi yaliyokaa sakafuni, chungu juu yake, kuni katikati, na mwanamke aliyeinama akipuliza moto huku machozi yakimtoka. Makala haya yanamhusu mtu aliyesomea elimu ya juu ya maumbile, kisha akaiweka kando nadharia yake akenda kuinama mbele ya mawe hayo. Yanahusu pia mahali ambapo mawe hayo yaliwahi kupangwa kwa maelfu kwa maelfu katika muda wa siku chache, nako ni wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera.

Huenda msomaji akauliza mshairi anatafuta nini katika mambo ya nishati. Jibu langu ni la mfasiri. Mimi sikusoma chuo chochote. Kiingereza nilijifundisha kwa kamusi na mwanga wa kandili, na riziki yangu kwa miaka mingi imetokana na kufasiri maandishi ya watu wengine. Katika kazi hiyo nilikutana na makala yaliyochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Kimarekani liitwalo Environment. Waandishi wake ni wawili: Daniel Kammen, mwanafizikia, na Michael Dove, mwanaanthropolojia. Hoja yao ni kwamba wataalamu huzikimbilia elimu zenye fahari na kuzipuuza zile zinazohusu mambo ambayo watu wengi huyafanya kila siku, kama kupika na kulima. Kupuuza huko, wakasema, kuna gharama, na anayeilipa ni maskini.

Neno walilozisifia elimu hizo lilinitesa. Katika Kiingereza lina maana ya jambo la kidunia, na pia jambo la kawaida lisilo na mvuto. Nikiandika "elimu ya kidunia", msomaji wa pwani ataielewa kuwa ni kinyume cha elimu ya akhera. Nikiandika "elimu ya mambo duni", nimeshayatukana yale ambayo waandishi wanayatetea. Niliacha nafasi tupu katika daftari langu nikaendelea na kazi nyingine. Nafasi hiyo ilikaa tupu kwa miaka, hata nilipofika Ngara.

Njia ya Rusumo

Nilikwenda Julai 2024, kwa basi. Mji wa Biharamulo umekaa juu ya mwinuko, na boma lake la Kijerumani bado limesimama na kuta zake nene, kana kwamba linamngojea afisa arudi. Kutoka hapo barabara huteremka hadi Lusahunga, njia panda ambako malori yatokayo Dar es Salaam kwa njia ya Kahama na Nyakanazi huelekea Rwanda na Burundi. Mbele ya Lusahunga vilima huanza kupandana, na kando yake hutanda pori ambalo tangu mwaka 2019 limeingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mwisho wa barabara ni mto Kagera na maporomoko ya Rusumo, na ng'ambo yake ni Rwanda.

Njia hii si ngeni kwa watu wa pwani. Mwaka 1893 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani na msafara wake, na mwaka 1894 akavuka Kagera hapo Rusumo kuingia Rwanda. Baadaye, tangu 1901 hadi 1906, alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyeyazima kwa moto na njaa Mapambano ya Maji Maji. Mwaka 1916 Wabelgiji nao walifika Rusumo wakipigana na Wajerumani. Kila aliyekuja alilitazama poromoko lile kama kivuko au kama mpaka. Ilipofika mwaka 1977 ndipo Rwanda, Burundi na Tanzania zilipotia saini mkataba wa kuliendeleza bonde la Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Miongoni mwa mipango yao ulikuwa ule wa kuyageuza maporomoko yale yawe umeme. Mipango ilibaki katika makabati, na kabla haijatoka huko, mto ulileta habari nyingine.

Kuni za Benaco

Aprili 1994, miaka mia moja kamili tangu msafara wa Götzen, mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea Rwanda, Kagera ilianza kuteremsha maiti kuelekea ziwa Viktoria. Tarehe 28 na 29 za mwezi huo, daraja la Rusumo likavukwa na umati ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikuwa halijauona mfano wake kwa wingi na kwa kasi. Hesabu za siku zile zilisema watu 250,000 katika saa 24. Makisio ya baadaye yakashuka hadi 170,000 hivi. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia vita na waliokimbia makosa yao wenyewe, na moshi wa mapishi yao ulipanda pamoja. Walikaa Benaco, mahali palipobakia na jina la kampuni iliyojenga barabara, penye lambo la maji. Kwa juma chache pakawa na kambi iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara hawakufika laki mbili.

Mkimbizi hupewa turubai, ndoo, mahindi na maharage, lakini mahindi makavu hayaliwi mabichi wala maharage hayalainiki kwa dua. Kila kaya ilipanga mafya yake matatu, na kila asubuhi wanawake na watoto walitoka kutafuta kuni. Kwa hesabu za shirika lilelile la wakimbizi, kambi za Kagera zilipofurika zilichoma zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Kati ya 1994 na 1996 misitu yenye ukubwa wa kilomita za mraba 570 iliathirika, na kati ya hizo kilomita 167 ziliharibiwa vibaya. Ni kama jiji lililokuja kwa miguu na kuila miti kuanzia karibu kwenda mbali, hata mwendo wa kutafuta mzigo mmoja wa kuni ukamaliza siku. Mwanamke aliyetoka peke yake aliogopa mambo mawili: kurudi mikono mitupu, na mtu atakayekutana naye porini.

Mashirika yalifundisha majiko ya udongo. Yalifundisha pia mambo madogo ambayo bibi zetu walikuwa wakiyafanya pasipo kufundishwa na mtu: kuroweka maharage usiku kucha, kufunika chungu, kupasua kuni na kuzikausha, kuzima moto chakula kikiiva. Mahindi yaliyosagwa huiva kwa kuni chache kuliko mahindi mazima, na kwa hiyo kinu cha kusaga nacho kilikuwa chombo cha kuhifadhi msitu, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996, na karibu watu nusu milioni walirudi kwa daraja lilelile. Kambi ya Lukole, ya Warundi, ilibaki hadi mwaka 2008. Ama miti, haikurudi kwa amri ya serikali.

Hapa ndipo nilipomkumbuka mwanafizikia wangu. Sisemi kwamba Kammen alifika Benaco. Nasema kwamba swali alilolichagua katika maisha yake, lile ambalo wenzake wengi waliliona dogo, lilikuja kuulizwa Ngara kwa sauti ya watu laki kadhaa kwa mpigo.

Kutoka nadharia hadi jikoni

Daniel Kammen alizaliwa Marekani mwaka 1962. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Cornell akahitimu mwaka 1984, kisha akapata udaktari wa fizikia Harvard mwaka 1988. Kijana mwenye vyeti hivyo alikuwa na njia pana mbele yake: maabara kubwa, milinganyo mirefu, heshima ya wenzake. Alipokuwa bado katika taasisi ya teknolojia ya California alianza kushughulika na tanuri za jua, masanduku yanayopika kwa mwanga wa jua pasipo kuni, katika vijiji vya Amerika ya Kati. Mwaka 1990 jarida la Nature lilichapisha maandishi yake juu ya mapishi hayo. Kisha akaelekea Kenya.

Hakuwa wa kwanza kuhama. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, wanafizikia kadhaa waligeukia mambo ya nishati. John Holdren alisaidia kuanzisha katika Chuo Kikuu cha Berkeley, mwaka huohuo wa 1973, kundi la masomo ya nishati na rasilimali. José Goldemberg wa Brazil, mwanafizikia wa nyuklia, alishirikiana na wenzake wa Sweden, India na Marekani kutoa mwaka 1988 kitabu kilichouliza nishati ni kwa ajili ya nani. Lakini wengi wao walianzia juu, kwenye mitambo na mahitaji ya mataifa, wakateremka. Kammen alianzia sakafuni.

Alichokikuta Kenya kilikuwa kimeshaanzishwa na Wakenya. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya vyanzo vipya vya nishati, na katika miaka ile mafundi na wabunifu, akiwamo Maximillian Kinyanjui, walikuwa wakilifanyia kazi jiko la makaa lenye kauri ndani yake. Wazo la awali lilitoka Thailand. Mafundi wa jua kali walilibadilisha: wakaukata mkebe wa bati uwe mwembamba kiunoni na mpana juu na chini, wakatia kauri sehemu ya juu ili joto lisipotee. Leo hakuna mtaa wa Afrika Mashariki usiolijua jiko hilo. Halikufaulu kwa kugawiwa bure; lilifaulu kwa sababu fundi alipata faida na mpishi akaokoa makaa.

Kammen, wakati huo akifundisha Princeton, aliandika habari ya jiko hilo katika jarida la Scientific American la Julai 1995. Jarida lile, lililozoea nyota na chembechembe, likawaonyesha wasomaji wake jiko la mkebe. Mwezi huo huo Benaco walikuwa wakitembea mbali zaidi kutafuta kuni.

Mizani ya moshi

Mwaka 1999 Kammen, akiwa sasa Berkeley, alianzisha maabara ya nishati jadidifu na zinazofaa mazingira ya watumiaji. Lakini kazi iliyonigusa mimi kuliko zote ilifanyika Laikipia, Kenya, katika eneo la Mpala, yeye pamoja na mtafiti Majid Ezzati.

Watu walijua zamani kwamba moshi wa kuni una madhara. Methali yetu husema pafukapo moshi pana moto, na daktari angeongeza kwamba pafukapo moshi pana kikohozi. Kilichokosekana ni kipimo. Moshi kiasi gani, kwa nani, kwa muda gani, na ukipunguzwa nusu, ugonjwa hupungua kwa kiasi gani? Watafiti hao walichagua nyumba 55, zenye watoto wadogo 93 na watu wengine 229 wa umri wa miaka 5 hadi 49, wakawafuatilia kwa zaidi ya miaka miwili. Walipima moshi ndani ya nyumba siku nyingi, na wakaandika kila mtu alikuwa wapi: nani mlangoni, nani karibu na moto, nani nje na mbuzi.

Hapo likajitokeza jambo ambalo kila mama alilijua lakini halikuwa katika majedwali. Wastani wa moshi chumbani haumwelezi mpishi. Moshi huzidi maradufu pale kuni zinapotiwa, moto unapochochewa, sima inaposongwa, na ndiyo dakika hizohizo mwanamke huinamia chungu. Anayepima wastani huwa amempima mtu asiyekuwapo. Matokeo yao juu ya maradhi ya njia ya hewa yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001, na yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuonyesha, hatua kwa hatua, jinsi ugonjwa unavyopanda kadiri moshi unavyopanda. Yalionyesha pia kwamba ugonjwa hupanda upesi pale moshi ungali wa kadiri, kisha kasi yake hupungua moshi ukishakuwa mzito sana. Maana yake ni nzito: kupunguza moshi kidogo katika nyumba iliyojaa moshi hakuleti nafuu kubwa, sharti upunguzwe sana.

Sisi watunzi wa tungo za mizani twaielewa kazi ya namna hii. Asiyehesabu silabi hudhani shairi ni hisia tupu. Anayezihesabu hujua kwamba hisia hukaa mahali maalumu katika mshororo, na silabi moja ikikosekana sikio hujikwaa. Kuhesabu kwaweza kuwa namna ya kumstahi unayemhesabu, maana humhesabu mtu usiyemjali.

Mwaka 2005 Kammen na Ezzati, pamoja na Robert Bailis, walichapisha katika jarida la Science makisio kwamba, mambo yakiendelea vilevile, moshi wa majumbani ungeua mapema watu milioni 9.8 Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2030. Mwaka huo sasa uko mlangoni. Makala yale yalisema pia neno lisilopendeza masikio ya watunza misitu: kwamba mkaa, pamoja na ubaya wake kwa miti, hutoa moshi mchache wa kumwumiza mpishi kuliko kuni. Kwa hiyo anayetunga sera hana jibu moja safi. Likimfaa mpishi, huenda likaudhuru msitu. Likiufaa msitu, huenda likamwacha mpishi na kikohozi chake. Watu wa Ngara wangeweza kuwaambia hayo bila ya jedwali.

Tabia hiyo ya kupima ilimpeleka pia kwenye umeme wa jua. Yeye na wanafunzi wake walizipima paneli za sola zilizokuwa zikiuzwa Kenya, wakakuta baadhi hazitoi nguvu iliyoandikwa juu yake. Mwanakijiji aliyeuza mbuzi wake alikuwa amenunua maandishi. Nasi visiwani tusijione tuko mbali na kazi za namna hii. Rogath Kivaisi, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika makala yake ya mwaka 2000 mtambo wa umeme wa jua wa kilowati 3 uliofungwa katika kijiji cha Umbuji, Unguja. Mwanafizikia anayekwenda kijijini si jambo la Wamarekani peke yao.

Herufi saba

Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilimteua Kammen kuwa mtaalamu wake mkuu wa nishati jadidifu na matumizi bora ya nishati, akakaa hadi 2011. Mtu wa majiko akaingia katika nyumba inayotoa mikopo ya mabwawa. Mwaka 2016 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimfanya mjumbe wa sayansi. Agosti 2017 akajiuzulu, kwa barua aliyomwandikia Rais Donald Trump, akitaja msimamo wa rais juu ya ubaguzi na juu ya mabadiliko ya tabianchi.

Barua ile ilikuwa na jambo la kutufurahisha sisi watu wa tungo. Ukizichukua herufi za kwanza za aya zake saba, zinaunda neno la Kiingereza lenye maana ya kumshtaki rais bungeni ili aondolewe. Malenga wetu wameijua sanaa hii tangu enzi: kuficha jina la mtunzi katika vichwa vya beti, au kuzipanga beti kwa mfuatano wa herufi. Wapo waliosema kwamba mwanasayansi hapaswi kucheza michezo ya washairi. Mimi naona alifanya lile ambalo sanaa hiyo ilikusudiwa tangu zamani, kumwambia mwenye nguvu neno ambalo adabu ya barua hairuhusu. Hata hivyo, barua hiyo ilimpa sifa zaidi katika magazeti kuliko zile nyumba 55 za Laikipia, na jambo hilo lingekuwa mfano mzuri kwa yale makala yake ya 1997.

Taa na jiko

Haifai kumsifu mtu na kuyaficha yaliyomshinda. Elimu ya majiko imepata mapigo. Malawi, watafiti wengine waliwagawia wanavijiji majiko yenye kuchoma kwa usafi zaidi, wakawafuatilia watoto zaidi ya 10,000, na matokeo yao ya mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti ya nimonia kati ya nyumba zilizopewa majiko hayo na zile zilizoendelea na moto wa kawaida. Moshi ulitoka pengine: kwa jirani, kwenye taka zinazochomwa, kwenye moto wa zamani ambao haukuachwa, maana jiko jipya liliongezwa tu kando ya mafya. Ile kauli ya Laikipia, kwamba sharti moshi upunguzwe sana, ikapata ushahidi mchungu.

Je, basi, jibu ni umeme? Rusumo imekwishajibu nusu ya swali hilo. Mpango uliolala tangu 1977 uliamka. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 mwaka 2013, ujenzi ukaanza 2017, na mwishoni mwa 2023 mitambo ikaanza kuzalisha. Uwezo wake ni megawati 80, ambazo Rwanda, Burundi na Tanzania hugawana sawa kwa sawa. Kabla ya hapo miji ya Ngara na Biharamulo iliwashwa kwa mitambo ya dizeli, na mafuta yake yalisafiri kwa malori juu ya barabara ileile niliyopita. Nilipoyatazama maji yakianguka, nilifikiri kwamba mataifa matatu yamekuwa mafya matatu, na juu yake wameinjika chungu kimoja. Mahali palipopitisha maiti leo hupitisha nuru. Nani asingeshukuru?

Lakini usiku ule nilikaribishwa chakula katika nyumba moja isiyo mbali na Benaco. Mama mwenye nyumba, mtu wa umri wangu, alipika maharage na ndizi. Juu ya kichwa chake iliwaka balbu ya umeme. Chini yake yalikuwa mafya matatu na kuni za mkaratusi, na moshi uliizunguka balbu hata mwanga wake ukawa wa manjano. Pembeni lilikuwapo jiko la udongo, limepasuka, na kuku ametagia ndani yake. Nikamwuliza habari ya jiko lile. Akanieleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni jambo lililo wazi, kwamba chungu cha familia yake hakikai juu yake, kwamba lilidai kuni zipasuliwe vipande vidogo naye hana wa kumpasulia, na kwamba waliolileta hawakurudi kuuliza. Ama umeme, aliuogopa kwa kupikia. Maharage ni ya saa nyingi, na kila saa ina bei yake.

Mwaka 1994 alikuwa mke kijana. Alikumbuka kuuza ndizi kambini, na kupata pesa ambazo hakuwahi kuzipata kabla. Alikumbuka pia mti wa karibu ulivyogeuka kuwa mti wa mbali. Hakuwalaumu wakimbizi, nao, alisema, walikuwa na watoto wa kulisha.

Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Kizimkazi, aliongoza pamoja na wengine mkutano wa Paris juu ya mapishi safi barani Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Kwamba mafya matatu yamefika meza ya marais si jambo dogo. Wale waliowaambia wanafizikia vijana kwamba jiko si somo la mwanamume mwenye akili hawakulitarajia.

Naiombea kheri azma hiyo, na ninaitazama kwa jicho la Ngara. Kipimo ni jifya la kwanza, na watu kama Kammen wamelileta. Sera ni jifya la pili, na sasa limeletwa. La tatu ni neno la mpishi mwenyewe: chungu chake kina ukubwa gani, nani humpasulia kuni, maharage yake huiva kwa saa ngapi, na mfukoni ana kiasi gani mwisho wa mwezi. Hili la tatu halikupatikana Benaco mwaka 1994, wala halikuulizwa alipopelekewa mama yule jiko ambalo leo ni kiota cha kuku. Mawe mawili, hata yawe mazuri namna gani, humwaga mchuzi.

Niliporudi nyumbani nilifungua lile daftari la zamani. Katika lugha yetu twasema "mambo ya jikoni" tunapotaka kulidunisha jambo, na mara nyingi anayedunishwa ni mwanamke. Nadhani ndiyo sababu neno lilinikimbia kwa miaka yote ile. Nilikuwa nikilitafuta mbali, katika kamusi, nalo lilikuwa chini, karibu na moto. Katika nafasi iliyokuwa tupu nimeandika: elimu ya mekoni. Mwenye neno bora na anipe, nami nitamshukuru.